Kabla ya Kumtaja Mshtakiwa: Parkinson na Mazingira ya Butembo na Beni

Mzee amekaa kwenye kiti, mkono wake wa kulia umelala juu ya paja. Hafanyi kazi yoyote, lakini kidole gumba kinasugua kidole cha shahada, kinarudi, kinasugua tena, kama cha mtu anayehesabu noti zisizoonekana. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, mtetemo unapungua. Akikirudisha mezani na mkono ukatulia, mtetemo unaanza upya. Miezi ikipita, hatua zake zinakuwa fupi, uso unakosa tabasamu hata akifurahi, sauti inafifia, na saini yake inazidi kuwa ndogo mpaka haisomeki. Huo ndio ugonjwa wa Parkinson. Butembo na Beni, miji miwili ya Kivu ya Kaskazini nchini Kongo inayotenganishwa na kilomita zipatazo 54, mtu wa namna hii mara nyingi huambiwa mojawapo ya mambo matatu: amezeeka, amerogwa, au amewekewa sumu na mtu anayemwonea kijicho. Aliyefuatilia utafiti wa dunia huongeza la nne: dawa za mashamba. Ninavyoona mimi, swali la sumu lina msingi kuliko wengi wanavyodhani, ila tumezoea kulielekeza kwa watu na kuviacha vitu. Na hata tukivigeukia vitu, hatutapata jibu la kweli mpaka tujue ni nani anayetetemeka, anatetemeka vipi, na alikuwa akifanya kazi gani miaka thelathini iliyopita.

Tuanze na sababu za kuyashuku mazingira. Daktari James Parkinson wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817, na baadaye ikajulikana kwamba chanzo cha dalili ni kufa kwa seli za sehemu ndogo ya ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza na kuongoza mwendo. Kwa nini seli hizo zinakufa, hilo lilibaki kitendawili. Mwaka 1982 vijana kadhaa wa California walijidunga heroini ya kutengenezwa iliyokuwa na uchafu uitwao MPTP, na kwa muda mfupi miili yao ikakakamaa kama ya wazee waliougua miaka mingi. Daktari J. William Langston na wenzake walifuatilia kisa hicho na kuonyesha kwamba kemikali moja inaweza kuua seli zilezile za dopamini kwa kuvuruga mitokondria, yaani vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu. Umbo la kemikali ambayo MPTP hugeuka kuwa mwilini linafanana sana na parakwati, dawa ya kuua magugu iliyoingia sokoni mwaka 1962. Tangu hapo hakuna mtafiti makini aliyeweza kusema kwamba Parkinson ni uzee tu.

Ushahidi uliofuata ulitoka pande mbili. Maabara zilionyesha mwaka 2000 kwamba panya wanaopewa rotenoni, sumu ya wadudu inayotokana na mimea, hupata dalili na uharibifu wa ubongo unaofanana na wa Parkinson. Kwa upande wa watu, utafiti wa wakulima wa majimbo ya Iowa na North Carolina nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba waliotumia parakwati au rotenoni walikuwa na Parkinson mara mbili na nusu zaidi ya wasiozitumia. Miaka miwili kabla yake, utafiti wa bonde la kati la California ulikuwa umekuta kwamba kuishi ndani ya mita 500 kutoka shamba linalopuliziwa parakwati pamoja na manebu, dawa ya ukungu, kunaongeza hatari kwa asilimia 75. Mwaka 2012 Ufaransa iliutambua rasmi ugonjwa huu kuwa ugonjwa wa kazi kwa wakulima walioguswa na dawa za mashamba. Kisa cha ajali, majaribio ya maabara na hesabu za watu vinapoelekea upande mmoja, shaka inakuwa na uzito.

Sasa tupande milima ya Lubero inayoizunguka Butembo, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,700. Baridi na mvua zinalea viazi, kabichi, vitunguu na puaro, na zinalea pia ukungu wa majani ambao wakulima wanauita mildiu. Dhidi ya ukungu huo wengi wanategemea mankozebu, unga wa jamii moja na manebu, wenye manganizi ndani yake. Mkulima huchota unga kwa kifuniko, huukoroga ndani ya ndoo kwa kijiti, kisha humimina kwenye pompi ya mgongoni. Pompi ikivuja, shati hulowa kuanzia mabegani hadi kiunoni. Upepo ukigeuka, ukungu wa dawa humrudia usoni. Jioni shati hilo hufuliwa katika beseni moja na nguo za watoto. Bidhaa nyingi za namna hii huingia kupitia mpaka wa Kasindi kutoka Uganda zikiwa na maelezo ya Kiingereza, ilhali msomaji wake alisoma kwa Kifaransa; na anayenunua kipimo kidogo kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki hapati maelezo kabisa. Kiwango cha sumu kinachoingia mwilini hutegemea sana mambo haya madogo ya ndoo, shati na upepo. Kwa hiyo kipimo cha hatari kilichopatikana Iowa, ambako wengi hupuliza kwa trekta, hakiwezi kuchukuliwa kwamba ndicho cha Lubero.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuzitia dawa zote kapu moja. Sumu ya wadudu wa kabichi, sumu ya magugu ya kakao na unga wa ukungu wa viazi ni kemikali tofauti zenye njia tofauti za kudhuru. Dhidi ya parakwati na rotenoni ushahidi ni mzito; dhidi ya mankozebu peke yake ni mwepesi zaidi; dhidi ya nyingine nyingi ni mwembamba sana. Anayesema tu kwamba "dawa za mashamba zinaleta Parkinson" hamsaidii mkulima kuchagua ipi aiache leo na ipi anaweza kuendelea nayo kwa uangalifu. Kazi ya kwanza, basi, ni kupita duka kwa duka katika masoko ya Butembo, Beni, Oicha na Lubero na kuandika kila kiambato kilichomo kwenye chupa na mifuko. Kazi hiyo haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji wanafunzi wenye daftari na mwalimu wa kilimo anayejua kusoma lebo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya viwandani ndiyo yenye sumu, na kwamba usalama uko kwenye miti ya asili. Hapa ndipo mazingira yetu yanapodai uangalifu zaidi. Utupa, mmea ambao Waswahili tangu zamani wanautumia kulevya samaki mtoni, hupandwa pia katika mashamba ya Kivu kurutubisha udongo na kufukuza wadudu. Kinachowalevya samaki ni rotenoni na kemikali za ukoo wake, zilezile zilizowadhuru panya wa maabara, ingawa zipo aina za utupa ambazo karibu hazina kemikali hizo. Mti mwingine ni mstafeli, ambao Wakongo wengi huuita korosoli. Mwaka 1999 watafiti wa kisiwa cha Guadeloupe walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 87 wenye dalili za Parkinson waliowachunguza, 22 tu walikuwa na Parkinson ya kawaida. Wengi wa waliobaki walikuwa na aina kali zisizosikia dawa, na ugonjwa wao ulihusishwa na kula tunda hilo na kunywa chai ya majani yake. Ndani ya mstafeli mna anonasini, kemikali inayozima mitokondria kama rotenoni inavyofanya. Anayekula stafeli moja siku ya soko hana sababu ya kuingiwa na hofu. Anayekunywa chai ya majani yake kila siku kwa miaka kama dawa ya presha au saratani anastahili kuambiwa jambo hili waziwazi. Sumu haiulizi kama imetoka kiwandani au msituni.

Washukiwa wa tatu ni metali, nao wanatufundisha kwa nini namna ya kutetemeka ni muhimu kuliko kutetemeka kwenyewe. Butembo ni soko la dhahabu la miaka mingi, na magharibi yake, upande wa Mangurejipa, watu wanaishi kwa kuchimba. Pale dhahabu inapokamatwa kwa zebaki kisha zebaki ikachomwa, mvuke wake huingia mapafuni, na mvuta hewa anaweza kutetemeka mikono. Lakini mpe kikombe: mkono ulioharibiwa na zebaki hutetemeka zaidi unapokaribia kikombe na kumwaga chai, wakati mkono wa Parkinson hutetemeka zaidi ukiwa umepumzika. Manganizi nayo hudanganya. Tangu mwaka 1837, daktari John Couper wa Glasgow alipowaeleza wafanyakazi waliosaga madini hayo, inajulikana kwamba manganizi inakakamaza mwili kwa namna inayofanana na Parkinson. Ila mgonjwa hutembea kwa ncha za vidole kama jogoo, na levodopa, dawa kuu ya Parkinson, haimsaidii sana. Wachomelea vyuma wanaofanya kazi ndani ya banda lisilo na hewa wako hatarini. Hata betri za tochi na redio si za kudharauliwa katika miji iliyoishi miaka mingi bila umeme wa kutegemewa, kwa sababu unga mweusi wa betri hizo kavu ni manganizi. Mwaka 1941 ilielezwa huko Japani jinsi familia kadhaa zilivyougua baada ya kunywa maji ya kisima ambacho kando yake zilikutwa zimefukiwa betri zipatazo 400. Shimo la taka lililo karibu na kisima linaweza kuwa swali la ubongo, si la kuhara peke yake.

Yupo mshukiwa mwingine asiyetajwa sana kwa sababu anatoka hospitalini. Haloperidoli na klopromazini, dawa za bei nafuu za kutuliza wagonjwa wa akili, na metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, zote huzuia dopamini ubongoni na zinaweza kumfanya mtu akakamae na kutetemeka, mara nyingi pande zote mbili kwa pamoja. Katika eneo la Beni, ambalo tangu Oktoba 2014 limepitia mauaji yasiyokoma ya raia, majeraha ya akili ni mengi, na dawa hizo ni za lazima kwa wengi wanaozimeza. Habari njema ni kwamba mtetemo unaoletwa na dawa mara nyingi huisha daktari anapopunguza au kubadilisha dawa, ingawa huweza kuchukua miezi. Mgonjwa asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe. Lakini timu ya uchunguzi itakayowahesabu watu hawa kuwa ni wahanga wa dawa za mashamba itakuwa imekosea mara mbili: itaiharibu hesabu, na itamwacha mgonjwa anayetibika bila tiba.

Hapa linakuja pingamizi zito. Itakuwaje tutafute sababu za ugonjwa wa wazee katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake hawajafika miaka ishirini? Jibu tunalipata Tanzania. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walitembelea nyumba za watu 161,071 na mwaka 2008 wakatangaza kwamba walipata wagonjwa 33, yaani takribani 20 kwa kila watu laki moja. Idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na Ulaya. Hesabu ilipofanywa kana kwamba Hai ina wazee wengi kama Uingereza, kiwango kikapanda hadi 40. Sehemu kubwa ya uchache wa ugonjwa, basi, ilitokana na ujana wa jamii. Na kati ya wagonjwa hao, zaidi ya robo tatu hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wana Parkinson. Kwa kiwango cha Hai, zoni ya afya yenye watu laki mbili ingekuwa na wagonjwa wapatao 40. Hesabu hii ndogo inafundisha mawili. Kwanza, wagonjwa wapo hata kama hospitali haiwaoni. Pili, kukuta watu watano katika mtaa mmoja wenye wazee wengi hakutoshi kudai kwamba mtaa huo umetiwa sumu, maana bahati peke yake inaweza kuwakusanya. Ndiyo maana umri lazima uingizwe kwenye hesabu kabla ya kumnyooshea kidole mtu au kitu.

Wengine watauliza: vipi kuhusu damu ya ukoo? Swali ni la haki. Mwaka 2023 watafiti wakiwemo Wanigeria walitangaza badiliko katika jeni iitwayo GBA1 ambalo linaongeza hatari kwa watu wenye asili ya Afrika. Hata hivyo wengi wenye badiliko hilo hawaugui, jambo linaloonyesha kwamba kipo kitu kingine kinachoamua. Jeni ni kuni kavu. Mtu anaweza kuishi nazo maisha yote bila moto kuwaka. Tena, baba na mwana wanaougua wote wawili huenda walirithishana damu, na huenda pia walirithishana shamba, pompi na kisima. Familia yenye wagonjwa wawili isiwe mwisho wa uchunguzi. Iwe mahali pa kuuanzia.

Atakayesema kwamba Kongo haiwezi kazi ya namna hii asome historia yake yenyewe. Konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na kumwacha mtu akitembea kwa fimbo au kutambaa, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, na jina lake ni la lugha ya Kiyaka. Waliokisia walisema ni maambukizi au laana. Waliokwenda vijijini, wakaorodhesha wagonjwa nyumba kwa nyumba, wakapima mkojo na kuuliza muhogo ulilowekwa kwa siku ngapi, walifikia sianidi ya muhogo mchungu usiosindikwa vya kutosha, katika miili yenye upungufu wa protini. Njia ya kinga ikawa ya jikoni: kuloweka kwa siku za kutosha, au kuulowanisha unga na kuutandaza kivulini ili sumu itoweke hewani. Mshtakiwa alipatikana kwa sababu wagonjwa walihesabiwa kwanza, na kilichowapata watu hao kilitoka katika mazingira waliyoyaamini kila siku. Parkinson ni ngumu zaidi, kwa kuwa huchukua miongo kujionyesha, lakini hatua za kuifuata ni zilezile.

Pingamizi la mwisho ndilo linalouma: watu wanakimbia mapanga na risasi, nani atakaa kuhesabu mikono inayotetemeka? Lakini eneo hilihili lilihesabu katikati ya vita. Kati ya tarehe 1 Agosti 2018 na 25 Juni 2020, mlipuko wa Ebola uliwapata watu 3,470 na kuua 2,287, na kila siku wahudumu wa afya walikuwa wakifuatilia maelfu ya watu waliogusana na wagonjwa, jina kwa jina, mlango kwa mlango. Ujuzi huo haujafa. Mlipuko uleule ulifundisha pia gharama ya kuingia katika jamii isiyokuamini: vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huo Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani kutoka Kamerun, aliuawa hospitalini Butembo. Timu itakayofika ikiwa tayari imemtaja mshtakiwa, awe mfanyabiashara wa dawa za mashamba au mganga wa mitishamba, itafungiwa milango. Itakayoanza kwa kuuliza na kusikiliza itafunguliwa.

Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kina kitivo cha tiba na cha kilimo katika mji uleule wa Butembo. Mashirika ya wakulima kama SYDIP na LOFEPACO yanaaminika vijijini. Wanaoweza kuifanya kazi hii wako hapo tayari. Dodoso liwe fupi: mkono upi ulianza, unatetemeka ukiwa umetulia au ukishika kikombe, unameza dawa gani, umewahi kupuliza, kuchomelea au kuchoma dhahabu, na maji uliyochota zamani yalitoka wapi. Hili la zamani lina uzito wa pekee, maana aliyekimbilia Butembo kutoka vijiji vya Beni amekuja na historia ya shamba aliloliacha, na ubongo wake unalikumbuka shamba lile kuliko mtaa anaoishi leo. Kisha kila mgonjwa alinganishwe na majirani wa rika lake ambao ni wazima, kwani bila hao wazima hatuwezi kujua kama mankozebu au zebaki ni ya wagonjwa zaidi au ni ya kila mtu.

Wakati hesabu hiyo ikiendelea, yapo mambo yasiyohitaji kuisubiri. Lebo za Kifaransa na Kiswahili, pompi isiyovuja, glavu, nguo za kupulizia zinazofuliwa peke yake, parakwati kuondolewa popote itakapokutwa dukani, na betri kuwekwa mbali na visima: haya yanamlinda mkulima dhidi ya madhara yanayojulikana tayari, hata kama Parkinson isingekuwepo. Anayehofia kwamba mavuno yatashuka anayo hoja, kwa sababu viazi vikiozwa na mildiu watoto hulala njaa. Ndiyo maana sijapendekeza mankozebu ipigwe marufuku, nimependekeza isiingie mwilini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu unazibika kwa vitu vya bei ya chini.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Bibi anayekakamaa Beni anapofichwa chumbani kwa hofu ya kuitwa mchawi, au mzee wa Butembo anapomlaumu jirani kwa sumu ambayo jirani hakuiweka, tunapoteza zaidi ya takwimu. Mgonjwa anakosa levodopa ambayo ingemwezesha kufunga vifungo vyake mwenyewe tena, na jirani anabeba kosa la kitu kilichokuwa ndani ya ndoo. Jina sahihi la ugonjwa linawaokoa wote wawili siku linapotamkwa, miaka mingi kabla sayansi haijamaliza kazi ya kutafuta chanzo.